Kusimama Mwisho wa Mstari

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wahitimu mbele ya wahitimu wenzake, walimu na wanafunzi, Kinampanda)



Barua ya Ndugu Katibu ilinitaka nizungumze juu ya siri ya mafanikio. Nimeisoma barua ile mara mbili, nikaona kwamba siri yenyewe sinayo. Basi naomba ruhusa yenu nizungumze juu ya jambo ninalolijua kwa magoti na mgongo wangu, nalo ni kujifunza karate nikiwa mtu mzima. Naona wengine wameanza kucheka. Chekeni tu, maana hata mke wangu alicheka.

Wale tuliosoma pamoja watakumbuka kwamba katika shule hii mimi nilikuwa wa kwanza. Sisemi hivi kwa kujisifu, kwani ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia. Matokeo yalipobandikwa ubaoni, mimi nilianza kusoma juu, nikaishia hapo hapo juu. Sikuwahi kuteremsha macho nijue nani yuko mwisho, wala kujiuliza mtu huyo anarudije bwenini jioni ile. Nilitoka hapa nikaendelea na masomo, nikawa mhasibu Dar es Salaam, nikapewa ofisi yenye mlango wangu peke yangu. Walio chini yangu waliponiletea hesabu zenye makosa, niliwarudishia karatasi bila kuwatazama usoni.

Na nyumbani hapa nilikuwa na kaka yangu. Yeye aliishia darasa la saba. Ada yangu ilitoka katika mtama wake na alizeti yake, na mwaka mmoja ilitoka katika dume la ng'ombe ambalo alikuwa amelitunza kwa ajili ya plau. Nilikuwa nikimtumia fedha kila Krismasi, nikidhani kwamba deni nimelilipa. Lakini alipozungumza mambo ya shamba katika kikao cha ukoo, mimi nilimkatiza mbele za watu. Nilimwona ni mtu asiyejua kitu. Naomba mlishike jambo hilo, maana nitalirudia.

Nilipofika umri wa miaka 36, daktari alinipima akakuta shinikizo la damu limepanda. Akaniambia niache chumvi nyingi na nifanye mazoezi. Wakati huo mwanangu wa kwanza, mwenye umri wa miaka 9, alikuwa ameanza mafunzo ya karate katika ukumbi wa shule moja ya msingi karibu na kwetu. Kila Jumamosi nilimpeleka, nikakaa kwenye benchi na gazeti langu. Siku moja yule mwalimu akanijia. Alikuwa kijana wa miaka 25, fundi umeme kwa kazi yake. Akasema, "Shikamoo mzee. Gazeti utalisoma nyumbani. Vua viatu uingie." Nikavua, kwa aibu ya kukataa mbele ya watoto.

Hapa niseme kidogo karate hii imetoka wapi, ili vijana wasidhani kwamba ilizaliwa katika filamu. Mtindo tuliojifunza unaitwa Goju-ryu. "Go" ni ugumu na "ju" ni ulaini. Aliyeuasisi ni Chojun Miyagi, aliyezaliwa mwaka 1888 katika mji wa Naha, kisiwani Okinawa, akafariki mwaka 1953. Mwalimu wake, Kanryo Higaonna, alikuwa amevuka bahari kwenda China kujifunza katika mji wa Fuzhou. Kwetu Tanzania mtindo huu ulipandwa katika miaka ya 1970 na Mmarekani Mweusi, Nantambu Camara Bomani, aliyefundisha katika Shule ya Sekondari ya Zanaki jijini Dar es Salaam, na mahali pale pakajulikana kwa jina la Hekalu la Kujilinda. Kutoka pale mbegu ilisambaa. Mwalimu wangu alifundishwa na mtu aliyefundishwa na wanafunzi wa Bomani. Kwa hiyo elimu hiyo imepita China, Okinawa, Marekani na Zanaki kabla ya kunifikia mimi kwenye sakafu ya saruji, na kila hatua aliyeipokea aliinamisha kichwa kwanza.

Mahali pa mafunzo panaitwa dojo, maana yake mahali pa kuifuata njia. Kwetu palikuwa ni ukumbi wenye madirisha yasiyo na vioo. Madawati tuliyasogeza wenyewe ukutani, na baada ya mazoezi tuliyarudisha. Kabla ya kuanza tulifagia, kisha tukapiga deki. Vifaa vya kutia nguvu tulivitengeneza kwa mikono yetu, kwa mfano wa vile vya Okinawa. Tulimwaga zege katika kopo la rangi, tukachomeka mpini wa mti katikati, basi ikawa chi-ishi, jiwe lenye mpini la kuimarisha mabega na viganja. Tulinunua mitungi ya udongo sokoni, tukatia mchanga, tukatembea tumeishika mdomoni kwa ncha za vidole. Mara ya kwanza niliuangusha mtungi ukapasuka. Nilitoa pochi nilipe. Mwalimu akasema, "Hatutaki fedha, mzee. Okota vipande, usije ukamchoma mtoto mguu."

Ndugu Mwenyekiti, jambo lililoniumiza halikuwa mazoezi. Lilikuwa ni mstari. Katika dojo ya jadi watu hawajipangi kwa umri, wala kwa cheo, wala kwa kimo. Wanajipanga kwa mkanda, na wenye mkanda mmoja wanajipanga kwa kuangalia nani alitangulia kuingia. Mwenye mkanda mweupe aliyeingia jana yuko mwisho kabisa. Siku ile nilitazama mstari wote nikaona nafasi yangu iko baada ya mwanangu, maana yeye alinitangulia kwa miezi mitatu. Nilikuwa nimefika miaka 36 bila kusimama mwisho wa mstari wowote, na mara yangu ya kwanza nilisimama nyuma ya mtoto niliyemzaa.

Neno lile "sensei", ambalo watu wanalitafsiri kuwa ni mwalimu, kwa asili yake lina maana ya aliyezaliwa kabla. Nilipoambiwa hivyo nilicheka moyoni. Mwalimu wangu alizaliwa miaka 11 baada yangu! Tukikutana kituo cha daladala aliniamkia shikamoo na kunipisha kiti. Dakika kumi baadaye, ndani ya ukumbi, mimi ndiye niliyemwinamia. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hapakuwa na uongo katika salamu zile mbili. Duniani nilimtangulia kuzaliwa, lakini katika njia ile alizaliwa yeye kwanza.

Sasa nizungumze juu ya mafunzo yenyewe. Mtu mzima anapoanza jambo la mwili, mwili unamdai madeni yote ya miaka aliyokaa kitini. Magoti yalivimba. Kushoto na kulia vilinichanganya. Hesabu za Kijapani, ichi, ni, san, shi, go, watoto walizishika kwa siku moja, nami mhasibu nilizikosea. Nilipopiga ngumi, mwalimu alinigusa bega akasema, "Ngumi haitoki begani, mzee. Inatoka kiunoni. Teremka." Maneno hayo aliniambia kila Jumamosi kwa muda wa mwaka mzima, bila kupandisha sauti.

Kuna mfululizo wa mitindo uliopangwa, unaoitwa kata, ambao unafanywa peke yako kana kwamba maadui wamekuzunguka. Kata ya msingi kwetu inaitwa Sanchin, yaani vita vitatu. Wanaeleza kwamba ni vita vya mwili, vya pumzi na vya moyo. Hatua zake ni chache mno. Unasimama vidole vya miguu vimeelekea ndani, unavuta pumzi mpaka chini ya kitovu, unatoa ngumi taratibu, na mwalimu anakuzunguka akikupiga kofi mabegani na mapajani kupima kama umekaza panapostahili. Ukitazama kwa nje huoni kitu. Ukiifanya, jasho linadondoka sakafuni. Kata nyingine ni Gekisai, ambayo Miyagi aliitunga mwaka 1940 ili wanafunzi wa shule waweze kuanza nayo. Vijana, tieni maanani jambo hili: Gekisai inaanza kwa kukinga. Unageuka, unainua mkono kuzuia pigo, ndipo unajibu.

Baada ya mwaka mmoja na nusu niliitwa kwenye mtihani wa mkanda wa kijani. Nilijiandaa kama nilivyojiandaa hapa shuleni, yaani nilikuwa na hakika. Ukumbi ulijaa wazazi. Niliinama, nikataja jina la kata, nikaanza. Nilipofika katikati, akili ikafutika kama ubao. Nikasimama mkono mmoja juu, sijui mguu upi unafuata. Watu walikaa kimya. Kimya kile nakisikia hata leo. Mwisho niliinama nikarudi mahali pangu. Majina ya waliofaulu yakasomwa, la mwanangu likiwamo, na langu halikuwamo.

Ndugu zangu, nilikuwa sijawahi kufeli. Sikujua mtu hufanyaje akifeli. Wale wenzetu waliokuwa mwisho wa orodha ubaoni walikuwa wameijifunza elimu hiyo wakiwa na miaka 15, mimi niliikosa. Nikafanya kama mtoto: sikwenda tena. Nikasema kazi zimenizidi ofisini, mwisho wa mwaka wa fedha umekaribia. Miezi miwili nilikaa nyumbani siku za Jumamosi, na shinikizo la damu likapanda tena.

Mwanangu hakuniuliza neno. Ila kila Ijumaa jioni alifua vazi lake la karate, na alifua la kwangu pia, ingawa lilikuwa safi. Asubuhi niliyakuta mawili kwenye kamba, kubwa na dogo. Yeye alianua la kwake, akaenda. La kwangu likabaki linapepea mpaka jua lizame. Jumamosi ya nane au ya tisa nilishindwa kuvumilia. Nikalianua, nikamfuata.

Nilikuwa nimetunga udhuru njia nzima. Mwalimu hakunipa nafasi ya kuutoa. Alinionyesha kwa mkono mahali pangu, mwisho wa mstari, baada ya watoto wawili walioingia nilipokuwa sipo, kwa kuwa yeye alihesabu kwamba nimeanza upya. Nikasimama pale. Yule mtoto aliyekuwa mbele yangu, umri wake labda miaka 7, akageuka akaninong'oneza, "Mzee, leo tunaanza na pumzi." Akadhani mimi ni mgeni, akanisaidia. Nikamjibu, "Ahsante." Naamini hiyo ndiyo siku niliyoanza karate.

Mtihani niliurudia baada ya miezi sita nikafaulu. Mpaka leo, naomba niwe mkweli, sina mkanda mweusi. Nina wa kahawia, umeanza kuchakaa. Mwanangu alinipita zamani, na akiwepo ukumbini namwinamia.

Sasa nalirudia lile jambo la kaka yangu. Mwaka uliofuata baada ya kufaulu nilichukua likizo nikaja hapa Kinampanda mvua za kwanza zikiwa zimenyesha. Kaka alikuwa analima na jozi ya maksai, mwanawe akiwaongoza mbele. Nikasema, "Kaka, nipe plau nijaribu." Akanitazama viatu, akanitazama uso, akanipa. Mstari nilioulima ulikwenda kama nyoka. Plau iliruka, ikazama, ikaruka tena. Maksai wakasimama wenyewe kwa kunishangaa. Kaka akaja nyuma yangu, akanigusa bega, akasema, "Bwana mdogo, mikono haina kazi hapo. Kazi ni ya kiuno. Teremka."

Nilisimama. Maneno yalikuwa yale yale, na mguso ulikuwa ule ule. Kwa kijana wa miaka 25 nilikuwa nimeinama mara mia. Kwa mtu huyu aliyezaliwa kabla yangu kweli kweli, aliyeuza dume lake la plau ili mimi nikae darasani, sikuwahi kuinama hata mara moja. Nikaiacha plau, nikasimama mbele yake, miguu pamoja, mikono ubavuni, nikainamisha kichwa kama tunavyofanya katika dojo. Nikasema, "Kaka, nilikuwa nikikukatiza maneno mbele ya wazee. Nisamehe."

Kaka si mtu wa maneno mengi. Alitazama pembeni muda mrefu. Kisha akasema, "Lile dume lilikuwa zuri." Akanyamaza. Halafu akasema, "Shika plau. Mvua haitungojei." Tukalima mpaka saa sita. Jioni ile katika mazungumzo ya ukoo alieleza mpango wa kugawa shamba la marehemu baba, nami nikamsikiliza mpaka mwisho. Mpango wake ulikuwa bora kuliko wangu, kwa maana alijua maji yanapita wapi.

Ndugu Mwenyekiti, si lazima kila mtu ajifunze karate. Njia hizi ni ndugu. Huko Zanzibar Mjapani Tsuyoshi Shimaoka amewafundisha judo vijana wengi wa Visiwani. Judo ni kazi ya Jigoro Kano, aliyefungua shule yake ya Kodokan mwaka 1882. Aikido, ambayo muasisi wake ni Morihei Ueshiba aliyefariki mwaka 1969, kwa desturi haina hata mashindano. Watu wawili wanafanya kazi pamoja, mmoja anashambulia, mwingine anapokea nguvu zile na kuzigeuza, kisha wanabadilishana, na kila mmoja anaanguka kwa zamu yake. Na wala si lazima mambo ya Kijapani. Anayejifunza cherehani akiwa na miaka 40, au anayejifunza kusoma akiwa bibi, amekwisha kusimama mahali ninapopasema.

Kwenu vijana nina neno moja. Msijifunze mambo haya ili mpigane bwenini. Mkiyatumia hivyo mtafukuzwa shule, na mtastahili. Lakini naomba mfahamu kwamba wengi wenu mtafeli kitu. Wengine ni Kidato cha Nne, wengine ni kazi, wengine ni ndoa. Siku hiyo msijifiche nyumbani kama mimi. Rudini ukumbini, mwulize mahali pa kusimama. Na ninyi mlio wa kwanza, teremsheni macho mpaka mwisho wa orodha, mjue majina ya walioko kule.

Kwenu wahitimu wenzangu ninalo ombi. Kila mwaka tunachanga zawadi za wanafunzi bora, na ni jambo jema. Naomba mwaka huu tuanzishe na mfuko wa pili, wa kuwalipia gharama wale watakaorudia mtihani wa Kidato cha Nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Wapo wanaoshindwa kurudia kwa kukosa ada ya mtihani tu, na wapo wanaoshindwa kwa kukosa mtu wa kuwaambia kwamba nafasi yao bado ipo. Mfuko utasaidia hayo yote mawili. Mimi naufungua kwa kutoa thamani ya dume moja la ng'ombe kwa bei ya mnada wa leo. Kaka yangu, aliyekaa pale nyuma karibu na mlango, ndiye aliyenitajia bei hiyo, nami sikubishana naye.